Siku ya tano: wagonjwa 188 wa saratani, mashine ya kupumulia na uamuzi uliosogezwa mbele

Mgonjwa wa saratani akishindwa kupumua, mlangoni mwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, huulizwa swali moja, hata kama hakuna anayelitamka: kitanda apewe huyu, au kimsubiri mwenye matumaini zaidi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa tayari kabla faili halijafunguliwa. Ana saratani, mapafu yamegoma, anahitaji mashine. Basi abaki wodini, apewe oksijeni na dawa ya maumivu, ndugu waitwe. Haikuwa roho mbaya. Takwimu zenyewe zilikuwa za kukatisha tamaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliofuatilia wagonjwa wa saratani 782 waliowekewa mashine ya kupumulia, ulikuta asilimia 76 hawakutoka hospitalini wakiwa hai.

Kisa ninachokichambua kilitokea Paris, kwenye ICU ya Hospitali ya Saint-Louis. Madaktari wa pale walikubaliana kwamba swali hilo litaulizwa, ila si mlangoni. Wakaliahirisha kwa siku tano. Matokeo yalichapishwa 2007 na Lucien Lecuyer, Élie Azoulay na wenzao. Usitegemee habari ya ushindi, maana wengi walikufa. Nimekichagua kwa sababu hesabu yake iko wazi tangu mgonjwa wa kwanza hadi wa mwisho, na kwa sababu mabishano yaleyale tunayasikia kila wiki kwenye korido za hospitali zetu.

Saint-Louis ina historia inayofaa kutajwa. Iliasisiwa 1607 kwa amri ya Mfalme Henri wa Nne, nje ya kuta za mji wa wakati huo, ili wagonjwa wa tauni wakae mbali na watu. Karne ya 20 ikageuka kuwa kituo kikubwa cha magonjwa ya damu: leukemia (saratani ya damu), limfoma (saratani ya tezi), upandikizaji wa uboho. Kwa hiyo ICU yake haikuwa na ujanja wa kuwakwepa wagonjwa wa saratani. Ndio waliojaa wodi zake.

Mashine haitibu

Kabla ya kufika kwenye hesabu, tukumbushane mashine inafanya nini. Inasukuma hewa yenye oksijeni kupitia mpira uliopitishwa mdomoni hadi kwenye bomba la hewa, ili misuli ya kifua ipumzike na damu ipate oksijeni wakati matibabu yanaendelea. Basi. Kama hakuna matibabu yanayoendelea nyuma yake, mashine inanunua muda ambao hauna kazi.

Kwa mgonjwa wa saratani, kinachoangusha mapafu kinaweza kuwa mambo mengi, na mengi kati yake hayafanani hata kidogo. Inaweza kuwa nimonia ya kawaida ya bakteria iliyopata mwanya baada ya dawa za kemo kuangusha chembe nyeupe. Inaweza kuwa fangasi kama Aspergillus, au Pneumocystis, yule mdudu ambaye madaktari wetu wanamjua vizuri tangu enzi za mwanzo za UKIMWI na ambaye dawa ya Septrin humkingia mtu. Inaweza kuwa dripu nyingi kuliko moyo unavyoweza kusukuma, au donge la damu lililotoka mguuni likakwama mapafuni. Wakati mwingine ni dawa yenyewe ya saratani. Bleomycin inajulikana kwa kuyakakamaza mapafu. Na wakati mwingine ni saratani: seli za leukemia zimejaa kwenye mishipa midogo ya mapafu, au uvimbe umebana njia ya hewa.

Ukiangalia orodha hiyo utaona kwamba neno "saratani" halijakuambia lolote kuhusu nafasi ya mgonjwa kupona wiki hii. Mwenye nimonia anaweza kugeuka ndani ya siku tatu. Mwenye fangasi mapafuni huku uboho hautoi chembe nyeupe ana safari ngumu zaidi. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2017, wa wagonjwa 1,611 wenye kinga dhaifu kutoka nchi 16, ulionyesha kwamba wale ambao chanzo cha kushindwa kupumua hakikujulikana walikufa zaidi. Kutafuta chanzo, kwa lugha nyingine, ni sehemu ya tiba, na huchukua siku kadhaa.

Kanuni za mlangoni

Saint-Louis hawakufungua mlango kwa kila mtu, na hili husahaulika sana kisa kinaposimuliwa. Kulikuwa na chujio. Mgonjwa ambaye hali yake ilikuwa ya kulala kitandani muda wote kabla ya kuzidiwa hakuingizwa. Ambaye hakuna tena tiba ya saratani iliyobaki isipokuwa tiba shufaa, ya kupunguza mateso tu, naye hakuingizwa. Kwa upande wa pili, aliyegundulika na saratani ndani ya siku 30 zilizopita aliingia bila masharti, kwa sababu hakuna mtu anayejua bado saratani yake itaitikia dawa kiasi gani.

Wote waliobaki katikati, yaani wanaoweza kutembea na bado wana tiba ya kuwaongezea maisha, waliingia kwa mpango mpya. Wanapewa kila kitu: mashine, dawa za kupandisha presha, kusafishwa damu figo zikigoma (dayalisisi), antibayotiki, na kemo ikibidi, hukohuko ICU. Hakuna kushika breki. Kisha siku ya tano timu inakaa chini na kuuliza: tunaendelea, au tunabadilisha lengo?

Kwa miaka mitatu walihesabu wagonjwa waliowekewa mashine na ambao angalau kiungo kimoja kingine kilikuwa kimeshindwa pia. Walikuwa 188. Si wagonjwa wepesi. Mapafu na figo, au mapafu na mzunguko wa damu, kwa mara moja.

Kabla ya siku ya tano walikufa 85. Hawa ugonjwa wa ghafla uliwachukua hata kabla ya kikao cha kuwajadili. Waliofika walikuwa 103. Kati ya hao, 62 walikufa baadaye na 41 waliruhusiwa kwenda nyumbani. Ukigawanya 41 kwa 188 unapata asilimia 21.8. Ukigawanya kwa 103, inakuwa kama asilimia 40.

Mtu anaweza kusema: asilimia 21.8, hiyo si karibu sawa na ile ya Marekani ya 1999? Ni karibu sawa, ndiyo. Lakini hawa walichaguliwa kwa kuwa na kiungo kingine kilichoshindwa zaidi ya mapafu, kwa hiyo kulinganisha moja kwa moja hakufai. Na mimi sioni kwamba namba hiyo ndiyo kiini cha kisa. Kiini kiko kwenye swali lililofuata: kati ya wale 103, kwa nini 41 walipona na 62 hawakupona?

Walipochambua tabia za saratani yenyewe hawakupata tofauti kati ya makundi haya mawili. Hakuna sifa hata moja ya ugonjwa wa saratani iliyotenganisha waliopona na waliokufa. Yale yote ambayo daktari wa zamani angeyatumia kumkatalia mtu mlangoni hayakumwonyesha nani ataondoka kwa miguu yake. Kilichowatenganisha ni mwenendo wa viungo ndani ya siku sita za mwanzo.

Karatasi mbili

Mwenendo wa viungo unapimwaje? Mizani inayotumika sana ICU inaitwa SOFA. Inaangalia mambo sita: mapafu, mzunguko wa damu, figo, ini, uwezo wa damu kuganda, na fahamu. Kila kimoja hupewa alama kuanzia 0, kiko sawa, hadi 4, kimeshindwa kabisa.

Chukua mfano wa wagonjwa wawili wa limfoma wanaoingia usiku mmoja, kila mmoja na jumla ya 11. Mapafu 4, presha 4 kwa sababu ya dozi kubwa ya dawa ya kuipandisha, figo 1, chembe za kugandisha damu 2. Karatasi zao ukiziweka pamoja, huwezi kuzitofautisha. Siku ya tatu mmoja ana 9: presha inasimama kwa dozi ndogo zaidi. Siku ya sita ana 5, dawa ya presha imezimwa, mashine inampa oksijeni asilimia 40 badala ya 80, na anafungua macho akiitwa. Mwenzake siku ya tatu bado ana 11, siku ya nne figo zinasimama na anaombewa dayalisisi, siku ya sita ana 14.

Katika kisa cha Saint-Louis alama za siku ya sita zilibashiri vizuri kuliko za siku ya kuingia na kuliko za siku ya tatu. Na kuna matokeo mengine ambayo kwangu ndiyo mazito kuliko yote: kila mgonjwa aliyelazimika kuanzishiwa mashine, au dawa za kupandisha presha, au dayalisisi baada ya siku tatu za kwanza ndani ya ICU, alikufa. Wote. Kiungo kilichoshindwa mwanzoni kinaweza kurudi. Kinachoanguka upya wakati mgonjwa tayari anapewa kila kitu kinasema jambo jingine kabisa.

Hapo ndipo ninapoona faida ya utaratibu huu hata kwa familia. Siku ya kwanza daktari hana jibu. Akisema "hatapona" anabahatisha, akisema "atapona" anabahatisha vilevile. Siku ya tano ana karatasi mkononi. Ndugu aliyeona dawa zote zimetumika na figo zimeanguka juu yake anaelewa mazungumzo kwa namna ambayo asingeyaelewa pale mapokezi, huku mgonjwa wake akiwa bado anahema.

Yanayonitia shaka

Kisa kina mapengo, na mtu asikibebe kama amri.

Kwanza ni hospitali moja, yenye wauguzi na madaktari waliozoea saratani kila siku. Hakukuwa na kundi la kulinganisha lililochaguliwa kwa bahati nasibu. Asilimia 40 husemwa sana kwenye mihadhara, lakini ni ya watu ambao tayari wamevuka mchujo wa siku nne, na mchujo huo ulikuwa kifo. Mwambie ndugu namba hiyo siku ya kwanza na umemdanganya. Yake kwa siku hiyo ni 21.8.

Pili, kwa nini tano na si tatu au kumi? Uchambuzi wa kompyuta uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba muda unaofaa haufanani kwa wote. Kwa saratani za uvimbe zenye matarajio mabaya, siku 1 hadi 4 za matibabu kamili zilitosha kuonyesha njia, wakati wenye saratani za damu au wasiozidiwa sana walihitaji siku nyingi zaidi. Kwa hiyo siku ya tano si kisu cha kukatia. Ni siku ya kikao, na kikao kinaweza kuongeza muda.

Tatu, kunusurika ICU si kupona saratani. Aliyetoka bado ana limfoma yake, amekonda, misuli imeyeyuka, na kemo inayofuata huenda ikacheleweshwa. Ndiyo maana lile sharti la mlangoni, kwamba iwepo tiba ya kumwongezea maisha, naliona la lazima.

Vipi kuhusu barakoa?

Wengi huuliza kama mpira wa kooni unaweza kuepukwa kabisa. Swali hili lina historia ya kupanda na kushuka. Mwaka 2001 kikundi cha Bordeaux kilitoa matokeo ya wagonjwa 52 wenye kinga dhaifu, nusu yao wakipumuliwa kwa barakoa iliyobanwa usoni, nusu kwa matibabu ya kawaida. Katika kundi la barakoa 12 kati ya 26 walihitaji mpira, kwa wengine 20 kati ya 26. Waliofia hospitalini: 13 dhidi ya 21. Barakoa ikawa habari ya mjini.

Mwaka 2015 jaribio kubwa zaidi la Ufaransa na Ubelgiji, wagonjwa 374, halikuona faida hiyo: hadi siku ya 28 walikufa asilimia 24.1 kwa barakoa na 27.3 kwa oksijeni ya kawaida, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Mwaka 2018 ikaja zamu ya oksijeni ya kasi kubwa inayopulizwa puani, kwa wagonjwa 776 wa ICU 32: walikufa asilimia 35.6 dhidi ya 36.1. Sare.

Ukisoma majaribio haya kwa haraka utaona kushindwa. Tazama tena kundi la matibabu ya kawaida. Mwaka 2001 walikufa 21 kati ya 26, na miaka 14 baadaye wenye oksijeni ya kawaida tu ni kama robo. Wagonjwa hawakuwa wale wale na kipimo hakikuwa kile kile, lakini tofauti ni kubwa mno kuelezwa na hayo peke yake. Huduma ya kawaida yenyewe iliboreka. Hata kwa walio mahututi kabisa, wenye saratani na mapafu yaliyovimba na kujaa maji pande zote, uchambuzi wa wagonjwa 1,004 ulikuta vifo vimeshuka kutoka asilimia 89 mwaka 1990–1995 hadi 52 mwaka 2006–2011. Hakuna mashine mpya moja iliyofanya kazi hiyo. Kulikuwa na antibayotiki zilizotolewa mapema, kinga ya Pneumocystis, dawa bora za fangasi, kuwahi kuwapeleka wagonjwa ICU, na somo la mwaka 2000 kwamba pumzi ndogo za mashine, mililita 6 kwa kila kilo ya uzito uliokadiriwa kwa urefu, huokoa watu kuliko pumzi kubwa.

Huku kwetu

Afrika Mashariki kisa hiki hakiwezi kuhamishwa kilivyo. ICU zina vitanda vichache, na wagonjwa wetu wa saratani wengi hufika wakiwa hatua ya tatu au ya nne, hivyo chujio la Saint-Louis lingewaacha wengi nje. Tena kitanda kinachokaliwa siku tano na mgonjwa wa saratani kinaweza kuwa kile ambacho mama aliyetoka damu baada ya kujifungua angekihitaji siku ya pili. Sidhani ni haki kujifanya mgongano huo haupo.

Hata hivyo kuna saratani ambazo zinastahili kupiganiwa hapa pengine kuliko popote. Limfoma ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza 1958 akiwa Kampala, hushika watoto wa ukanda huu, hukua kwa kasi ya kutisha na huyeyuka kwa kemo kwa kasi ileile. Mtoto aliyebanwa njia ya hewa na uvimbe wa aina hiyo huenda akahitaji mashine kwa siku chache tu, mradi figo zake zilindwe dhidi ya taka za seli zinazokufa kwa wingi. Kumkatalia kwa sababu faili limeandikwa "saratani" ni kosa la wazi.

Lakini utafiti mwingine wa Saint-Louis, wa 2005, ndio unaonigusa zaidi kwa mazingira yetu. Walifuatilia wagonjwa wa saratani 206 walioombewa kitanda cha ICU. Walioingizwa ni 105. Waliokataliwa kwa kuonekana wamezidiwa mno ni 54, na kama robo yao walikuwa bado hai siku ya 30. Madaktari walikosea hapo. Waliokataliwa kwa kuonekana wazima mno kuhitaji ICU ni 47, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano hakufika siku hiyo ya 30. Hao wa mwisho walibaki wodini.

Wodini ndiko tuliko. Utafiti wa Afrika uliochapishwa 2025, wa karibu wagonjwa 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22, ulikuta mmoja kati ya wanane ni mahututi, na asilimia 69 ya mahututi hao wamelala wodi za kawaida, si ICU. Zaidi ya nusu yao hawakuwa wanapata huduma za msingi za bei nafuu, mfano oksijeni kwa mtu ambaye oksijeni yake ya damu imeshuka. Mgonjwa wa kemo anayehema mara 30 kwa dakika saa nne usiku, akiwekewa kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni na kuanzishiwa oksijeni na antibayotiki saa hiyo hiyo, huenda asifike kabisa kwenye mjadala wa mashine. Akisubiri raundi ya asubuhi, anafika na viungo viwili vimeanguka, yaani anaingia kwenye kundi la wale 188.

Na kwa hospitali zenye ICU, sehemu ya mpango wa Paris inayoweza kufanyika bila kununua chochote ni kikao. Tarehe yake huandikwa kwenye faili siku mgonjwa anapoingia, kabla mpira haujapitishwa, na ndugu huambiwa siku hiyo hiyo: tutampa kila kitu hadi Alhamisi, halafu tutakaa tuone viungo vimeelekea wapi. Pembeni ya tarehe huandikwa namba ya daktari wa saratani, maana mara nyingi yuko jengo jingine, au hospitali nyingine kabisa, na daktari wa ICU hawezi kujibu peke yake kama kuna tiba iliyobaki.